Mlingoti wa Uani kwa Mama Mkwe

Masalu alikuwa amekwisha kuijenga mitumbwi yote miwili, ameipaka rangi ya kijivu, ameiunganisha kwa mihimili mitatu na kuitandikia sakafu ya mbao, ndipo alipogundua kwamba hajui mlingoti unasimama wapi.

Hakuwa mzembe. Alikuwa fundi umeme wa mgodini Buzwagi hadi mgodi ulipofungwa, kisha akarudi Ngokolo, mjini Shinyanga, akawa anafunga sola na kutengeneza pampu za visima. Kazi zake zilisifiwa kwa unadhifu. Lakini katamarani ile, yaani chombo cha mitumbwi miwili, aliijenga kwa kufuata video alizozitazama kwenye simu, za Wazungu waliozungumza lugha aliyoielewa nusu, na katika kila video, kamera ilipofika kwenye mlingoti, mlingoti ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Hakuna aliyeona haja ya kueleza ulifikaje pale.

Chombo kilikaa uani, mtumbwi mmoja ubavuni mwa jiko, mwingine ukigusa ua wa minyaa. Kwa kuwa ziwa lilikuwa mbali na maji mengi kuliko yote ambayo majirani waliyazoea yalikuwa ya bwawa la Ning'hwa, walikiita meza.

"Masalu, hiyo meza wanakula watu wangapi?" waliuliza wakipita.

"Wawili," alijibu kila mara, wala hakutania.

Wawili hao walikuwa yeye na mkewe. Noela alikuwa muuguzi katika zahanati ya kisiwa kimoja ng'ambo ya Nkome, mkoani Geita. Miaka mitatu nyuma, boti la abiria alilopanda liliegemea upande mmoja kwa upepo mpaka maji yakamfikia mapajani. Boti lilinyanyuka, hakuna aliyekufa, na abiria walipofika walicheka. Noela hakucheka. Tangu siku ile alivuka pale tu alipolazimika, akiwa amefumba macho, na safari zake za kuja nyumbani zikapungua hadi zikawa za sikukuu. Masalu naye alikwenda kisiwani kila alipopata nafasi, lakini nafasi za fundi anayesubiriwa na pampu za watu si nyingi.

Ndipo aliposoma mahali kwamba chombo cha mitumbwi miwili hakilali. Alisoma sentensi hiyo mara kadhaa, akampigia mkewe simu.

"Nitakujengea chombo kisicholala," alimwambia.

Noela alicheka, akamwita kwa jina la mtoto wao kama kawaida. "Haya, Baba Mageni."

Masalu aliipokea hiyo "haya" kama mtu anavyopokea hati iliyogongwa muhuri. Tangu hapo hakutaka kitu kingine duniani ila kimoja: siku moja Noela akae katikati ya sakafu ile, macho wazi, avuke.

Sasa dereva wa lori lililokwenda Nkome kuchukua dagaa alikuwa amekubali kuibeba mitumbwi Jumamosi iliyofuata. Kilichobaki kilikuwa mlingoti, pamoja na nyaya na kamba za kuushika. Masalu alidhani hiyo ingekuwa kazi ya asubuhi moja.

Alianza kwa Swaleh, mwenye yadi ya vyuma chakavu karibu na reli. Swaleh alizaliwa Shinyanga, na baba yake pia, lakini babu alitoka Pangani, na kwa sababu hiyo Swaleh alijihesabu kuwa mtu wa bahari.

"Umekuja kwa mwenyewe," alisema, akimwongoza kupita rundo la rejeta na vitanda vya hospitali. "Mlingoti ni huu hapa. Bomba la kuchimbia visima. Hili limeingia ardhini mpaka likakutana na maji, sasa unalipeleka juu ya maji. Limekwisha kuzoea."

Masalu alijaribu kuinua ncha moja. Bomba halikuonyesha dalili ya kumsikia.

"Ni zito, Swaleh. Uzito ukiwa juu, chombo si kitapinduka?"

"Kitapindukaje, na wewe una mitumbwi miwili? Halafu sikia, fundi. Mitumbwi miwili, milingoti miwili. Kila mtumbwi na wake. Utawapaje watu wawili kofia moja?"

"Nimeona picha. Mlingoti ni mmoja, katikati."

"Katikati kuna nini?"

Masalu alifikiri. "Mbao za kukalia."

"Na chini ya mbao?"

"Hakuna kitu. Hewa, halafu maji."

Swaleh alimtazama kwa huruma. "Kwa hiyo unataka kusimamisha mti juu ya hewa. Haya. Mimi ni muuza vyuma, wewe ndiye msomi wa video."

Swali lilikuwa la haki, na jambo hilo lilimsumbua Masalu kuliko dharau yenyewe. Alilihama bomba, akaenda kutazama nyaya. Swaleh alikuwa na mzingo wa waya wa chuma uliotumika kwenye winchi za wachimbaji wadogo, ule unaoshusha watu shimoni na kupandisha mawe. Masalu alitoa mfukoni bonge la pamba mbichi, akalizungushia kwenye waya, akalivuta polepole toka mwanzo hadi mwisho. Palipokuwa na uzi uliokatika, hata kama jicho halikuuona, pamba ilinasa na kubaki pale kama manyoya ya kifaranga. Alipomaliza, waya ulikuwa umeota manyoya karibu kila hatua.

"Ulikuwa unashusha watu huu?" aliuliza.

"Ulishusha, ukapandisha," alisema Swaleh. "Lakini sasa nakuona unaupamba kama bibi harusi."

Masalu aliondoka mikono mitupu, ila na swali ambalo hakuja nalo: mlingoti wa katikati unasimama juu ya nini?

Jioni alimpigia simu Magesa, mvuvi wa Nkome aliyeahidi kumpa nafasi ya kuegesha ufukweni. Magesa hakuwa na shaka hata chembe.

"Kata mkaratusi," alisema. "Mnyoofu, ukauke kivulini. Unaupenyeza kwenye ubao wa kukalia, unashuka mpaka chini kabisa ya mtumbwi, unakaa kwenye tundu lake. Waya wa nini? Waya ni wa umeme."

"Lakini mimi katikati sina mtumbwi. Nina nafasi."

"Nafasi namna gani?" aliuliza Magesa.

"Nafasi tu. Mtumbwi uko kushoto na mwingine kulia."

"Sasa mlingoti utauchomeka wapi?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza."

"Basi lazima nyaya," alisema Magesa, akibadilika bila aibu. "Lakini uangalie, tanga linataka kutembea, kulia na kushoto. Lisipotembea, upepo ukigeuka utakulaza."

"Chombo hiki hakilali."

"Kila chombo kinalala, ndugu yangu. Kuna vinavyowahi na kuna vinavyochelewa."

Usiku huo Masalu hakumweleza Noela habari za Magesa. Alimwambia tu kwamba milingoti iko mingi na uchaguzi ni mgumu. Noela alisema, "Usijichoshe, Baba Mageni. Si lazima iwe Jumamosi hii." Masalu alimshukuru kwa kumwonea huruma, akaazimia kwa nguvu zaidi kwamba itakuwa Jumamosi hiyo hiyo.

Kulikucha akikumbuka mlingoti wa tatu. Ulikuwa Kahama, uani kwa mama mkwe wake, na ndiyo maana ulikuwa wa tatu, maana kwa ubora ungekuwa wa kwanza. Marehemu mkwe wake aliununua wakati vitu vya zamani vya mgodini vilipouzwa. Ulikuwa wa aluminiamu, mviringo, mwepesi, uliowahi kubeba antena ya redio, naye akausimamisha nyuma ya nyumba ili apate picha za mpira. Ulishikwa na nyaya nne zisizoshika kutu, kila moja ikienda pembe yake. Masalu mwenyewe ndiye aliyezikaza siku ile, na alijua hakuna uzi hata mmoja uliokatika.

Tatizo lilikuwa namna ya kuuomba. Mama mkwe, Lusia, alikuwa Msukuma wa kushika adabu za ukwe bila kupunguza. Mkwe wa kiume hakuingia ndani mwake, hakula mbele yake, hakumtazama usoni, wala hawakusemezana. Neno lililotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine lilipita kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili walikuwa wanasikilizana wazi. Na kanuni ilikuwa kwamba ulichokisikia kwa masikio yako hujakisikia. Unajibu kile ulicholetewa.

Mtu wa tatu siku hiyo alikuwa Juliana, mdogo wake Noela, msusi mwenye saluni mbele ya nyumba hiyo hiyo. Masalu alipofika na basi la asubuhi alimkuta ana mteja mwenye kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama.

"Shikamoo, shemeji. Unataka nini haraka haraka, maana huyu ana harusi."

"Marahaba. Nataka mlingoti wa antena. Umwombee kwa Mama."

Walizunguka hadi uani. Masalu alivua kofia, akakaa kwenye kigoda chini ya ukingo wa paa, mgongo ukielekea dirishani. Nyuma ya dirisha, ndani, Lusia alikuwa anachambua mchele, naye amelipa dirisha mgongo. Kati yao palikuwa na ukuta mmoja wa tofali na Juliana, aliyesimama mlangoni na kitana mkononi. Mbele ya Masalu mlingoti ulimeremeta, kwenye nyaya zake mbili za nyuma zikiwa zimeanikwa kanga na mashuka.

"Mama, shemeji anaomba mlingoti wa antena," alisema Juliana.

"Mwambie mti ule hauendi majini," ilisema sauti ya ndani.

Juliana aligeuka. Alikuwa mtu wa huruma, na kazi yake ya saluni ilimfundisha kutomwambia mtu jambo baya akiwa amekaa. "Mama anasema utausafirishaje, maana ni mrefu."

Masalu alichanganyikiwa. Alikuwa amesikia jambo moja na kuletewa jingine. Kwa adabu alijibu aliloletewa.

"Mwambie ni mwepesi. Lori lipo."

"Lori lipo, Mama."

"Sikuuliza lori."

"Mama anafurahi kusikia lori lipo."

Mchele ulipepetwa kwa nguvu kidogo. "Muulize," ilisema sauti, "kule majini, mti huo ukianguka, unamwangukia nani?"

"Mama anauliza utaufungaje usianguke."

Swali hilo, katika sura zake zote mbili, lilikuwa ndilo lililomnyima Masalu usingizi, kwa hiyo alilijibu kwa urefu. Alieleza kwamba mlingoti utakaa juu ya mhimili wa mbele, kwenye kikombe cha chuma, hautachomekwa popote. Utashikwa na nyaya nne, mbili mbele na mbili nyuma, kama hapa uani, na kwa kuwa mitumbwi imeachana, nyaya zitatanuka vizuri. Alisema nyaya nne ndiyo desturi ya milingoti yote ya redio aliyopata kuiona.

Alipofika hapo alinyamaza mwenyewe. Alikuwa anazitazama zile nyaya mbili za nyuma zenye nguo, na alikumbuka Magesa alisema tanga linataka kutembea. Tanga hukaa nyuma ya mlingoti. Likitembea kwenda kulia litagonga waya, likirudi kushoto litagonga waya. Alikuwa amepanga kujenga chombo ambacho tanga lake limefungiwa kama ng'ombe zizini.

"Amesema nini?" iliuliza sauti ya ndani.

"Amesema nyaya nne, Mama, halafu amenyamaza."

"Kwa nini amenyamaza?"

"Shemeji, kwa nini umenyamaza?"

"Mwambie nafikiri."

"Anasali, Mama," alisema Juliana, ambaye mteja wake alikuwa ameanza kumwita. Akamgeukia Masalu. "Mama anasema ujaribu kwanza uone. Mimi narudi sasa hivi."

Lusia hakuwa amesema neno lolote la kujaribu. Masalu alijua hakusema. Lakini ruhusa aliyoletewa ilikuwa ruhusa, na Juliana alikuwa ameondoka, na bila Juliana hapakuwa na njia ya kuuliza tena. Alikaa kidogo, akiwa na majibu mawili ya jambo moja, asijue ni lipi mama mkwe atamdai. Kisha akasimama, akaanua nguo, akazikunja kwa mpangilio juu ya kigoda.

Alitaka kujua kitu kimoja tu: kama mlingoti unaweza kusimama kwa nyaya tatu. Aling'oa nanga za nyaya mbili za mbele, moja baada ya nyingine, akaziunganisha nyaya hizo na kuzifunga katikati kama waya mmoja, kwenye nanga moja mbele kabisa. Kisha akachukua vigingi viwili vya chuma vilivyokuwa nyuma ya choo, akavipigilia kulia na kushoto mwa mlingoti, nyuma kidogo tu ya usawa wake, mahali ambapo mitumbwi ingekuwa. Akazihamishia hapo nyaya za nyuma, mmoja baada ya mwingine. Akarudi nyuma kutazama. Nyuma ya mlingoti pakawa wazi kabisa. Akachukua ufagio wa mti mrefu, akauegemeza kwenye mlingoti na kuuzungusha kama mti wa chini wa tanga, kulia, kushoto. Haukugonga kitu.

Kwa mara ya kwanza tangu jana, jambo moja lilikuwa limekaa mahali pake. Ili kuona uimara, aliushika waya wa kushoto akauvuta kwa uzito wake wote, kama upepo.

Mvua ilikuwa imenyesha juzi. Kigingi cha kulia kikaanza kutoka ardhini, taratibu, kama jino la mtoto.

Mlingoti uliegemea upande wake. Akauachia waya wa kushoto, akaruka kuushika wa kulia kabla kigingi hakijatoka, akauwahi. Lakini alipouvuta huo, mlingoti ukayumba kuelekea paa la jiko, maana wa kushoto sasa ulikuwa umelegea na kilichoushikilia ni kigingi kilichokwisha kutikiswa. Hakuweza kuuachia mmoja akaufuata mwingine. Alisimama pale, miguu imetanuka, waya umemkata viganjani, akiutazama mlingoti ukichagua pa kuangukia. Kumwita Juliana kungekuwa kupiga kelele uani kwa mkwe. Kutomwita kungekuwa kulibomoa jiko lake.

Aliusikia ungo ukiwekwa chini. Mlango ulifunguka. Masalu aligeuza uso upande wa ua. Nyayo zilipita nyuma yake, na waya wa kushoto ukakazika.

Walisimama hivyo, mama na mkwe wake, mlingoti katikati, kila mmoja na waya wake, kila mmoja akitazama upande ambao mwingine hayupo. Lusia alikuwa amejifunika kanga hadi kwenye paji. Mlingoti ukayumba tena.

"Wewe mlingoti," alisema Lusia hatimaye, akiuambia mlingoti, "hebu legea kidogo upande huo."

Masalu alilegeza. Mlingoti ukanyooka.

"Mlingoti," alisema naye, akijikohoza, "usimame hivyo hivyo, mkono usichoke."

"Mkono huu umekamua ng'ombe tangu kabla hujazaliwa," Lusia aliuambia mlingoti. "Hauchoki. Ila nina maneno nawe. Nimeyasema asubuhi nzima na kila neno likitoka mlangoni linageuka."

Masalu aliukaza waya, akangoja.

"Wewe mti, mimi sina neno nawe. Marehemu alikuleta kwa ajili ya mpira, na mpira siku hizi watu wanautazama kwenye simu. Ungekuwa wangu ningekutoa leo. Mwenye kukukataa si mimi. Mwenye kupanda hicho chombo hataki kupanda. Ameniomba mimi nikunyime, ili yeye asiseme."

Masalu alidhani ameupata vibaya ujumbe, kama ilivyokuwa asubuhi nzima. Lakini safari hii hapakuwa na Juliana.

"Mlingoti," alisema polepole, "muulize anayesema. Mwenye kupanda ni Noela?"

"Yupo mwingine?"

"Tangu lini hataki?"

"Tangu ulipoanza kukata mbao. Alisema 'haya' akidhani utachoka. Hukuchoka."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

Masalu alipotupa jicho kwa bahati mbaya aliona kanga imeshuka hadi puani.

"Mlingoti, fikiri mwenyewe," alisema Lusia. "Mtu miaka miwili anashinda na gundi na misumari kwa ajili yako, jirani wanamcheka, hajibu. Utaanzia wapi kumwambia? Yeye aliona aibu, akanituma mimi. Mimi siwezi kusema nawe, nikamtuma Juliana. Juliana naye ana mdomo wa asali."

Masalu alijaribu kuyapanga mambo kama alivyozoea, la kwanza kwanza, lakini hayakupangika. Kama Noela hakutaka, basi chombo kilikuwa cha nani? Kama alisema "si lazima iwe Jumamosi hii" na yeye akasikia huruma, ni maneno mangapi mengine aliyasikia vile? Na kama mlingoti huu ulikuwa unafaa kuliko yote, na nyaya zimekwisha kupata mahali pake, je, afurahi au asifurahi? Alijikuta amefurahi kidogo kwa ajili ya nyaya, akaona aibu.

"Anaogopa nini?" aliuliza. "Mwambie, chombo hakilali."

"Haogopi kulala kwa chombo. Anaogopa kuwa ndani yake peke yake na wewe, kikalala, halafu wewe ukaanza kueleza kwa nini hakikupaswa kulala."

Masalu alitaka kueleza, akajizuia.

"Mti wewe," Lusia aliendelea, sauti imepungua ukali, "na mimi nimekushika hapa nikaona kitu. Nimesikia kwamba hutachomekwa popote, kwamba katikati ya hao wawili hakuna kitu cha kusimamia. Lakini unasimama, watu wakikushika sawa. Haya. Sasa mimi nimechoka kusema na aluminiamu. Mwambie huyo akamuulize mkewe mwenyewe."

Juliana alitokea kwenye kona ya nyumba, mafuta ya nywele mikononi, akawakuta wameshika nyaya kama watu wanaofunga ng'ombe dume. Alisimama.

"Jamani. Mmesemezana?"

"Hatukusemezana," alisema Lusia papo hapo, akimgeukia yeye. "Mwambie shemeji yako apigilie vigingi vyake upya. Na mti achukue akitaka. Na nyaya zote."

Juliana alimwangalia Masalu. "Mama anasema ufikirie kwanza, shemeji, kuhusu mlingoti, ni kumbukumbu ya—"

"Nimesikia," alisema Masalu.

Lusia alicheka ndani ya kanga yake, akarudi kwenye mchele.

Waliushusha pamoja, yeye na Juliana, waya mmoja mmoja, hadi ukalala chini ukipita uani wote toka chooni hadi jikoni. Umelala ulionekana mrefu kuliko uliposimama. Juliana alirudi kwa bibi harusi wake. Masalu alitoa bonge la pamba akalipitisha juu ya waya wa kwanza, si kwa sababu alikuwa na shaka nao, bali kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Pamba ilifika mwisho nyeupe na nzima. Aliketi kwenye kigoda kando ya kanga zilizokunjwa, akapiga simu kisiwani.

"Baba Mageni," alisema Noela. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia na mtu anambembeleza. "Umefika Kahama? Mama amekataa?"

Swali lilikuja upesi, kama swali lililokuwa limeandaliwa. Masalu aliona ni rahisi sana kusema ndiyo. Kila mtu angebaki na heshima yake: mama amenyima, mke hakukataa, mume hakushindwa.

"Mama amenipa," alisema.

Mtoto aliendelea kulia.

"Noela. Utapanda?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza. Alilitambua hilo wakati neno likiwa bado mdomoni, na hakuweza kulirudisha.

"Umeambiwa nini?" aliuliza Noela.

"Usijali nilichoambiwa. Nakuuliza wewe."

"Sitaki," alisema Noela. Kisha: "Yaani, sijui. Sitaki sasa. Umekasirika?"

"Hapana. Sielewi chochote, lakini sijakasirika."

"Hata mimi sielewi. Ningeogopa boti tu ningekuwa nimekwambia. Naogopa kwamba ukishanijengea, siwezi tena kuogopa."

Masalu aliutazama mlingoti. Alitafuta sentensi ya kifundi inayojibu jambo kama hilo, akakosa.

"Basi uogope," alisema. "Mimi Jumamosi nitakileta Nkome, nikisimamishe. Nitavuka na Magesa, siyo na wewe. Wewe utasimama ufukweni huko kisiwani."

"Na nikitazama halafu bado sitaki?"

"Nitakuja kwa chombo hicho hicho, na siku ukija nyumbani utapanda boti la abiria. Tutakuwa tumeonana hata hivyo."

Masalu alimsikia Noela akimwambia mtu pale zahanati asubiri kidogo.

"Una nyaya ngapi?" aliuliza.

"Tatu. Nilidhani nne."

"Tatu zinatosha?"

"Nadhani zinatosha," alisema Masalu. "Sina hakika. Njoo utazame."

"Haya," alisema Noela.

Masalu hakukata simu.

"Haya ipi?" aliuliza.

"Ya kutazama," alisema. "Ni hiyo tu, Baba Mageni. Ya kutazama."

"Nimeipata," alisema Masalu, akaanza kuzungusha waya wa kwanza kwenye kiwiko chake, mzingo juu ya mzingo, simu ikiwa imebanwa begani.